Uainishaji wa Awali wa Namna za Kumkataa Mama

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi mtoto wa kike wa miaka 3, aliyetoka kwenye makao ya watoto na kuhamia nyumba ya vyumba viwili huko Tabata, Dar es Salaam, anavyomkataa mama aliyemwasili huku akimkubali baba, muuza genge, dereva wa bajaji na mbuzi wa jirani. Data zilikusanywa sebuleni, jikoni, bafuni na kibarazani, mara nyingi bila mtafiti kupenda. Uchunguzi unabainisha makundi matano ya ukataaji, unapima nadharia nne zinazovuma mtaani, na unadai kwamba mpangilio wa ukali uliozoeleka umekaa kichwa chini miguu juu: kundi linalosifiwa na wageni ndilo la kuogopwa, na lile linalomwaibisha mama mbele za watu lina heri ndani yake.

Istilahi muhimu: mama, baba, sitaki, toka.

Usuli wa tatizo

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 haimumunyi maneno. Mahakama Kuu ikishatoa amri ya kuasili, mtoto anahesabiwa kuwa wa wazazi wale kana kwamba wamemzaa wenyewe ndani ya ndoa. Kabla ya hapo afisa ustawi wa jamii huikagua nyumba na kuwahoji wenyeji wake. Jirani zetu wa Kenya wanataka mtoto awe amekaa mikononi mwa mwombaji miezi 3 mfululizo. Waislamu wanao utaratibu wa kafala, ambao Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unautaja kwa jina katika ibara ya 20: mtoto analelewa kwa ukamilifu, na nasaba yake inabaki ilipo. Katika njia zote hizi mtu mzima ndiye anayejaza fomu, anayepiga picha za pasipoti na kuulizwa mshahara. Mtoto wa umri huu hajazi chochote. Usaili wake yeye unaanza siku anapofikishwa nyumbani, na mwenyekiti wa jopo ni yeye mwenyewe.

Mapitio ya maandiko

Afrika Mashariki ina haki ya kutembea kifua mbele katika taaluma ya namna mtoto anavyoshikamana na mlezi wake, kwa kuwa sehemu kubwa ya msingi wake iliwekwa hapa kwetu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala, akapata nafasi katika taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere, akawa anazunguka vijiji vya Waganda akiwatazama watoto wachanga 28 wa familia 26. Alikaa majumbani mwao na kuandika mtoto anamlilia nani, anamfuata nani, na akishatambaa mbali anarudi kwa nani. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka mwaka 1967. Baadaye, huko Baltimore nchini Marekani, alibuni jaribio la dakika zipatazo 20: mama na mtoto wamo chumbani na vitu vya kuchezea, mgeni anaingia, mama anatoka, mama anarudi. Watoto akawagawa makundi A, B na C. Katika miaka ya 1980 Mary Main na Judith Solomon wakaongeza D, kwa ajili ya wale ambao hawakuingia popote. Wengi hudhani jaribio lile linapima kilio cha mtoto mama anapotoka. Uzito wake mkubwa uko kwenye kurudi: mama akiingia tena, mtoto anafanya nini?

Pengo ambalo makala haya yanakusudia kuliziba ni hili: mama wa utafiti huu hajaenda popote. Anakataliwa akiwa amesimama palepale, mwiko mkononi.

Uwanja, sampuli na maadili

Sampuli ni ya mtu mmoja. Wakosoaji watasema ni ndogo, na hawatakosea, kwani kimo chake kimepita meza kidogo tu. Mtafiti mkuu ni mama. Mtafiti msaidizi ni baba, ambaye data zake zina walakini kwa sababu mtafitiwa anampenda. Vifaa vilivyotumika ni chanuo, beseni la kuogea, khanga doti moja, sahani ya plastiki yenye picha ya samaki, na subira ambayo sehemu yake iliazimwa kwa dada wa mtafiti. Kwa kuzingatia maadili ya utafiti, mtafitiwa aliombwa ridhaa. Alijibu “sitaki,” na jibu hilo likaingizwa kwenye data.

Kundi la kwanza: ukataaji wa mwili

Kundi hili lina spishi mbili. Ya kwanza ni kukakamaa. Hujitokeza mama anapoinama ili mtoto awekwe mgongoni: miguu inanyooka, mgongo unanyooka, na khanga inakosa mahali pa kushika. Ya pili ni kulegea. Mama akimwinua kutoka sakafuni, mifupa yote inajiuzulu kwa pamoja, na mtoto anamchuruzika mikononi mpaka anarudi alipokuwa. Wataalamu wa fizikia wanaombwa waeleze inakuwaje uzito wa mtu uongezeke mara tatu bila kula.

Katikati ya spishi hizi mbili kuna hali ya mpito: mtoto anakubali kuvalishwa viatu, lakini muda wote macho yake yako kwenye kalenda ya ukutani. Miguu imetolewa kwa mkopo, uso umebaki kwa mwenyewe. Hali hii isidharauliwe. Mtoto aliyelelewa kwa zamu ameshikwa na mikono mingi, mara nyingi ya watu wenye haraka na watoto wengine wanaosubiri. Kushikwa na mtu mmoja anayemtazama usoni na ambaye hana haraka ni jambo geni kwake, na mgeni hupokewa kwa tahadhari.

Kundi la pili: ukataaji wa mkono

Hapa kinachokataliwa ni njia ambayo kitu kimepitia. Jaribio la sahani lilifanyika hivi. Mama aliweka mezani wali na maharage. “Sina njaa.” Baba akaichukua sahani ileile, akaenda nayo hadi mlangoni, akageuka, akarudi nayo na kuiweka pale ilipokuwa. Ililiwa mpaka punje ya mwisho, kisha samaki wa kwenye plastiki akakwanguliwa kwa kijiko. Jaribio lilirudiwa kwa uji, kwa tikiti maji na kwa chapati, matokeo yakawa hayohayo. Ikumbukwe kwamba mtafitiwa aliyashuhudia makabidhiano yote kwa macho yake, hivyo dhana kwamba alikuwa anadanganyika imetupiliwa mbali. Anajua nani kapika. Anachokwepa ni deni: ukishakula cha mtu umeanza kumtegemea, na kumtegemea mtu ndiko kulikomponza huko nyuma.

Kundi hili linajumuisha pia ukataaji wa chanuo. Mama, ambaye amesuka nywele tangu akiwa msichana, haruhusiwi kugusa kichwa. Chanuo anapelekewa baba. Vifundo viwili vilivyotokana na juhudi zake vilielekea kimoja Bagamoyo na kingine Morogoro, na mtafitiwa alivivaa kwa fahari kubwa mpaka jioni.

Chini ya mto wa mtoto liligunduliwa andazi lililofungwa ndani ya soksi. Mtafiti msaidizi alitaka liorodheshwe kama wizi. Mtafiti mkuu alipinga. Mtoto aliyezoea chakula cha kugawiwa kwa saa hujiwekea akiba, hasa akiwa hajajua ratiba ya mahali papya. Andazi lilirudishwa kwenye soksi, na tangu hapo kuna kikopo cha biskuti juu ya stuli ya chini, ambacho mtoto anaruhusiwa kukifungua muda wowote bila kuomba. Kwa siku za mwanzo kilifunguliwa kila baada ya dakika chache, bila kitu kuchukuliwa. Ulikuwa ukaguzi wa stoo.

Kundi la tatu: ukataaji wa kiitifaki

Mtafitiwa hamwiti mama “mama.” Humwita “mama wa hapa.” Kwenye makao, kila mwanamke anayelisha na kuogesha ni mama, naye hutambulishwa kwa jina lake au kwa kazi yake: mama fulani, mama wa usiku, mama wa jikoni. Kwa mantiki hiyo, mtafiti amepewa cheo kinacholingana kabisa na kituo chake cha kazi.

Ushahidi mzito wa kundi hili ulipatikana jioni moja mama akisuuza vyombo. Mtoto alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jikoni, ndala moja mguuni na nyingine mkononi. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, bila chuki wala deko: “Zamu yako inaisha saa ngapi?”

Mama akasema yeye hana zamu. Mtoto alimtazama kwa uso wa mtu anayejua kwamba wafanyakazi wapya huwa hawajaambiwa kila kitu, akarudi sebuleni.

Barbara Tizard na wenzake, waliowafuatilia watoto wa vituo vya kulelea jijini London kuanzia miaka ya 1960, walikuta kwamba mtoto akifika umri wa miaka minne na nusu alikuwa amekwisha kulelewa na watu wapatao 50, mmoja baada ya mwingine. Makao ya kwetu nayo yana mama walezi wa asubuhi na wa usiku, wanafunzi wa chuo walio kwenye mafunzo kwa vitendo, wafanyakazi wa kujitolea, na wageni wa Desemba wanaokuja na katoni za juisi, wanapiga picha na kuondoka. Wengi wao ni watu wema. Ugumu ndio huo: mtoto amejifunza kwamba watu wema huondoka.

Kundi la nne: ukataaji wa hadharani

Huu hutokea pale penye mashahidi. Afisa ustawi wa jamii alipokuja kukagua maendeleo, mtafitiwa alimkimbilia, akampanda mapajani, akamvisha bangili ya mpira na kumwambia “twende kwenu.” Mama alikuwa ameshika trei ya chai. Kwenye genge, mtoto humkumbatia muuza nyanya ambaye hajawahi kumwona. Kwenye daladala humlalia begani abiria wa siti ya jirani.

Majirani hulitafsiri jambo hili kwa namna mbili: ama mtoto ni mchangamfu, ama mama ana tatizo. Maandiko yanatoa njia ya tatu. Huko Bucharest, Romania, watafiti walifuatilia watoto 136 wa vituo, baadhi yao wakahamishiwa kwenye familia kwa kura. Waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka 2 ndio waliofanikiwa zaidi kushikamana na walezi wao wapya. Hata hivyo, tabia ya kumkimbilia mgeni yeyote ilikuwa nzito kuondoka kuliko nyingine nyingi. Mtoto asiye na mtu wake hutawanya mapenzi rejareja, kwa kuwa hajapata wa kumuuzia jumla. Mgeni ni salama: hatakaa muda wa kutosha hata kuondoka kwake kuume.

Kundi la tano: utulivu

Katika wiki za mwanzo, kabla makundi manne ya juu hayajajitokeza, mtafitiwa alikaa kwenye kochi mikono ikiwa magotini. Akiambiwa ale, anakula. Akiambiwa alale, anafumba macho. Alianguka kibarazani, goti likatoka damu, akalifuta kwa gauni na kuendelea kukaa. Usiku alijitikisa mwenyewe kulia na kushoto mpaka usingizi ukamchukua. Wageni wote waliokuja kumwona walisema neno moja: “Mashaallah, mtoto ana adabu huyu!”

Kundi hili ndilo la hatari. James Robertson, aliyewachunguza watoto wadogo waliolazwa hospitalini Uingereza na kutengeneza filamu juu ya mmoja wao mwaka 1952, alieleza pamoja na mwenzake John Bowlby hatua tatu anazopitia mtoto aliyetenganishwa na mlezi wake: hupinga, kisha hukata tamaa, kisha hujitenga. Wauguzi wa enzi hizo walifurahi mtoto akifika hatua ya tatu. Anakula, anacheza, hasumbui wodi. Mama akija kumtembelea, mtoto hamtazami. Waliita hali hiyo kuzoea.

Nadharia zinazoshindana mtaani

Nadharia ya Damu, inayoongozwa na upande wa mawifi, hushikilia kwamba damu ni nzito kuliko maji, hivyo mtoto “anajua tu.” Udhaifu wake ni kwamba haielezi kwa nini baba, ambaye damu yake haihusiki vilevile, anasukia watu nywele.

Nadharia ya Kiboko inadai kwamba mtoto amedekezwa. Wafuasi wake husema mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, na hupendekeza fimbo ya mpera. Nadharia hii haijawahi kujiuliza inakuwaje mtu adekezwe mahali ambapo mlezi mmoja ana watoto wengi kuliko mikono yake. Tena fimbo ingemthibitishia mtoto kile alichokuwa anakishuku.

Nadharia ya Kitu inasema mtoto “ana kitu,” na kwamba aombewe au asomewe. Dua ilipokewa kwa shukrani, kwa upande wa mama.

Nadharia ya Muda inatoka kwa bibi wa nyumba ya nyuma, aliyelea wajukuu na watoto wa watu. Muhtasari wake wote ni huu: “Kuzaa si kazi mwanangu, kazi ni kulea. Mwache achoke kukukataa.” Mtafiti aliipuuza kwanza kwa kukosa tanbihi.

Mjadala

Kwa nini akataliwe mama, si baba? Rekodi za mtoto zinajieleza. Kwenye makao, wanaolisha karibu wote ni wanawake, na wanaoondoka karibu wote ni wanawake. Baba ameingia kwenye ofisi isiyo na mtangulizi. Hakuna aliyewahi kuiharibu. Mama amerithi meza iliyojaa malalamiko ya watu waliomtangulia. Wapo watoto wa makao ambao kwao mambo ni kinyume: hawajawahi kuishi na mwanamume, na sauti nzito na ndevu huwatimua hadi chini ya kitanda. Uainishaji huu utawafaa hao pia, akina baba wabadilishe jina tu.

Kwa nini ukataaji uanze baada ya utulivu? Mwaka 1949 Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, aliandika juu ya mvulana mtoro wa miaka 9 ambaye yeye na mkewe walimhifadhi nyumbani kwao wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hoja yake ni kwamba mtoto aliyepoteza nyumba akipata nyingine, kwanza hupata tumaini, na akishalipata ndipo huanza kuipima nyumba hiyo kwa nguvu zake zote. Asiyetumaini kitu hapimi kitu. Winnicott alikiri pia jambo ambalo akina mama wa mtaani hawathubutu kulisema kwenye vikao vyao: mlezi naye hufika mahali akamchukia mtoto, na wajibu wake ni kujua kwamba anachukia, asilipize. Mvulana alipozidi, Winnicott alimtoa nje ya mlango, ambako palikuwa na kengele. Akitulia aibonyeze, afunguliwe bila neno la yaliyopita. Jaribio hilo halikurudiwa Tabata. Nyumba haina kengele, na majirani wana macho.

Kwa hiyo mtoto na mama wote wawili wako kwenye utafiti, ila mtoto ana mbinu bora zaidi. Dhana yake iko wazi: huyu naye ataondoka. Anaijaribu kwa sahani, kwa chanuo, kwa mgongo mkakamavu, kwa afisa wa serikali. Anabadilisha kigezo kimoja kimoja. Anarudia. Hachapishi matokeo kabla ya wakati.

Afua na matokeo

Afua zilikuwa chache. Baba alipunguziwa madaraka: maji ya kunywa, viatu na andazi vikawa vya wizara ya mama, na jibu lake likawa “mwombe mama,” kwa upole na bila kucheka. Wageni waliombwa wasimbebe mtoto kwa sasa, hata akiwanyooshea mikono. Bibi wa nyumba ya nyuma pekee ndiye aliyeelewa upesi. Mama akitaka kutoka, hata kwenda gengeni, anaaga na kutaja atakachorudi nacho, na anarudi nacho hichohicho. Kutoroka mtoto akiwa usingizini kulipigwa marufuku, kwa sababu ndivyo zamu zilivyokuwa zikibadilishwa.

Bora kuliko afua zote ilikuwa ungo wa mchele. Kutazamana uso kwa uso kulikuwa kugumu, lakini kukaa bega kwa bega mkekani na kuchambua mawe kulikubalika. Mtoto alijipa idara ya chuya. Kila punje alipoipata aliiinua kwenye mwanga, akaikagua, akaitupa upande wa mama bila kumtazama. Vidole vyao vilikutana mara nyingi kwenye mchele, na havikuondolewa.

Matokeo hayakwenda kwa mstari ulionyooka. Siku nzuri ilifuatwa na siku ya kukakamaa kupita zote, jambo linaloeleweka: aliyesogea karibu anashtuka alipofika. Hata hivyo, kundi la sita lilianza kujitokeza, ambalo halimo katika maandiko yaliyopitiwa. Makala haya yanapendekeza liitwe ukataaji wa wito. Mfano:

“Mama! Mama njoo!”

Mama anakuja mbio, mikono ina unga wa chapati.

“Sikutaki.”

“Haya. Niende zangu?”

“Usiende. Sikutaki ukiwa hapahapa.”

Ichunguzwe kwa makini. Katika ukataaji wa wito, mkataliwaji lazima aitwe kwanza, lazima aje, na lazima abaki mpaka akataliwe ipasavyo. Nafasi ya “mama wa hapa” imetangazwa kuwa ya mtu mmoja, na hakuna mwingine anayeweza kuikaimu, baba akiwemo.

Mapendekezo

Kwanza, wanaosimamia makao, pale inapowezekana, wampangie kila mtoto mlezi wake mmoja wa kudumu, na anayeacha kazi apewe nafasi ya kuaga. Pili, waombaji waambiwe mapema kwamba mtoto mkimya wa wiki za mwanzo bado hajafika nyumbani. Yuko njiani, na akifika watamsikia.

Tatu, wageni wanaokuja kumwona mtoto waache lile swali la “ameshakuzoea?” Jibu lake ni ndiyo au hapana, na yote mawili hayasemi kitu: wauguzi wa enzi za Robertson wangejibu ndiyo. Wamuulize mama, “leo amekukataaje?” Akisema mtoto hakumkataa hata kidogo, kala alichopewa na kukaa kimya mchana kutwa, wamwekee maji ya chai wakae naye, maana kazi bado ni kubwa. Akisema kaitwa mara kumi tangu asubuhi ili aambiwe hatakiwi, wampongeze.